Mayai ya Bi Mwanaidi

Siku hizo kila nyumba iliruhusiwa mtu mmoja tu wa kujazwa misuli, na kwao alikuwa Shaweji. Maharage, dagaa na mayai ya mgao wa wote viliishia kwenye sahani yake. Wengine walikula ugali kwa mchicha. Ndivyo alivyopata nguvu za kubeba mawe ya ukuta wa bahari, na ndivyo nyumba ilivyobakishiwa kibali cha kukaa mjini.

Kila baada ya chakula bibi yake, Bi Mwanaidi, alimbinya bega la kulia.

“Mayai yangu hayajambo humo?”

“Hayajambo, bibi. Lakini la leo kula mwenyewe.”

“Nile mimi, halafu Ijumaa mizani ikuone umepungua, tunyang’anywe kibali? Kula, mjukuu wangu. Mimi naonja humo humo.”

Mvua za vuli zilipoanza, Bi Mwanaidi hakuamka. Waliomwosha walisema alikuwa mwepesi kama ungo mtupu. Shaweji alitia bega la kulia chini ya jeneza, akashangaa jeneza halina uzito. Bega lenyewe ndilo lililomlemea. Walipofika nusu ya njia, vidole vikambinya pale pale.

“Hayajambo, bibi,” alijibu, na papo hapo akasikia njaa isiyokuwa yake.