Sikio Lenye Alama za Meno

Dada mtu aliliona sikio lenye alama za meno kwenye farasi wa tano, akapiga kigelegele mpaka fundi wa kubomoa akateremsha nyundo.

"Njoo uone, mdogo wangu! Si uliapa kwamba hukumng'ata?"

Mdogo wake, naye mzee sasa, alijikokota, mkono tumboni. Bustani yao ya michezo ya utotoni ilikuwa inavunjwa. Bembea ya kuzunguka ilishang'olewa, farasi wake wa mbao wakalazwa ubavu kwenye nyasi, rangi imewabambuka.

"Hayo ni ya panya, dada."

"Panya gani huyo mwenye pengo la mbele?"

Fundi akacheka. Mzee hakucheka. Kwa miaka sitini aliapa kwamba siku ile alipompanda farasi huyo hakuogopa, kama alivyoapa wiki hii nzima kwamba haogopi kupasuliwa, ila hana nafasi tu. Daktari alishamsubiri hospitalini mara mbili bure, na kesho angemsubiri tena.

"Ulilia, ukanikojolea hadi kwenye gauni," dada mtu akasema taratibu. "Lakini mwendeshaji wa bembea alipotaka kukushusha, ulikataa katakata. Ukazunguka mpaka mwisho."

Mzee akachuchumaa kwa taabu. Akapitisha kidole kwenye vile vishimo vidogo, kimoja kimoja, mpaka penye pengo. Hapo kikatulia.

"Niliogopa sana," alisema.

"Najua."

Fundi akauliza kama wanamtaka huyo farasi. Dada mtu akamwashiria angoje.

"Hiyo kesho," mzee akasema, kidole bado kipo kwenye sikio la farasi, "wanataka niwe nimefika saa ngapi?"