Kompyuta Mkekani

Bwana Lwambano, bosi wa kiwanda cha unga, aliingia msibani amekumbatia kompyuta mpakato kifuani, na Siwema, aliyeketi mkekani katikati ya wanawake, alipomwona tu alijua kilichomleta. Kaburi la baba yake Siwema lilikuwa bado bichi.

"Pole sana, Siwema," bosi alinong'ona akichuchumaa ukingoni mwa mkeka. "Kompyuta zinazoendesha mitambo kiwandani zimegoma. Malori yamejazana getini, unga hautoki, na wa kuzirekebisha hayupo ila wewe."

"Nilikuomba tuchukue kampuni ya nje inisaidie." Sauti ya Siwema ilikuwa imekauka kwa kulia. "Ukasema mimi natosha."

"Nilisema." Bosi alitazama chini. "Dakika chache tu, tafadhali."

Akaifunua kompyuta, akaiweka mbele ya Siwema. Wanawake wakasogeleana na kunyoosha shingo, maana walidhani wameletewa picha za marehemu. Shangazi Mwanahija akajikokota mpaka mbele, akashika upindo wa kanga yake, akakifuta kioo kile taratibu, kama anayempangusa mtu jasho.

"Washa, mwanangu," akasema. "Washa nimwone kaka yangu."

Siwema alimtazama bosi wake. Bosi hakuinua uso.

Akabonyeza. Mwanga wa buluu ukawamulika wote nyusoni, na kabla kioo hakijaonyesha chochote, shangazi akaangua kilio, wanawake wakampokea. Nywila ilikuwa ikisubiriwa. Vidole vya Siwema vilibaki vikining'inia juu ya herufi.