Neno la Bi Salme

Siku hizi mlango ndio unaomsoma mtu. Ukienda kuomba kazi unaweka kiganja, nao unatangaza kwa sauti neno uliloachiwa na tajiri wako wa mwisho. Neno moja tu, ndiyo sheria, na halifutiki mpaka aliyelisema alifute.

Mwanakombo aliachiwa "Mwizi" na Bi Salme, aliyekuwa akimpikia. Kosa lake ni ukoko wa wali, ambao tangu dunia iumbwe ni haki ya mpishi. Miaka kumi na tisa milango ya mtaa mzima ilimtukana, akaishia kukaanga vitumbua chini ya dirisha la Bi Salme yuleyule.

Sasa Bi Salme yu kitandani, hawezi kujigeuza, anaishi kwa uji wa majirani. Na mlango wake haupokei mtumishi mpya mpaka wa zamani naye aseme neno lake juu ya tajiri.

"Kombo mwanangu," aliita dirishani, "lako nimeshalifuta. Sema langu basi, hata 'Mkali' nitapokea."

"Natafuta linalokufaa, bibi."

"Mpaka lini?"

"Wewe langu ulilipata upesi. Mimi sikusoma sana."

Akageuza vitumbua, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kila asubuhi Bi Salme alipiga kengele, na kila asubuhi Mwanakombo alijibu, "Bado natafuta."

Ijumaa kengele haikulia. Mwanakombo akapunguza moto ili mafuta yanyamaze, akaweka sikio ukutani. Neno lenyewe alikuwa nalo mdomoni tangu siku ya kwanza.