Pumzi ya Pili

Tangu sheria ikataze mtu kuishi peke yake, kila nyumba ina kifaa ukutani kinachohesabu pumzi. Mkewe alipofungasha akaondoka na binti yao, Shedafa hakutaka kuhamishiwa bwenini. Alifungua sigara yake ya umeme, akasokota koili mpya kwa waya mwembamba, akapenyeza pamba, akaijaribu. Ya kwanza iliunguza pamba. Ya tatu ilitoa mvuke taratibu, vuguvugu, kama pumzi za mtu aliyelala. Akailaza kwenye mto wa mkewe.

“Mko wawili,” kifaa kikasema.

Siku ya nne kikauliza, “Mbona hamzungumzi? Mmegombana?”

Shedafa akaugeukia ule mto.

“Mama Zuhura,” akasema, “nisamehe.”

Akasubiri jibu. Kifaa nacho kikasubiri.