Boksi la Madebe Manne

Debe la tatu la mahindi lilizama ndani ya boksi la sabufa, na boksi halikujaa. Akida akamimina la nne, akasawazisha kwa kiganja, kisha akamtazama mteja wake kwa huruma ambayo watu huwawekea wagonjwa.

Pale Segese hapakuwa na fundi wa muziki wa magari aliyempita Akida, na kama alikuwepo, Akida hakuwahi kumpa nafasi ya kusema. Maboksi aliyapima kwa mahindi makavu. Debe moja ni lita ishirini, na sabufa ya inchi kumi na mbili, ndani ya boksi lililozibwa kabisa, ilitaka madebe mawili. Ukipunguza, spika inakabwa. Ukizidisha, inalegea na kuunguruma ovyo. Alijigamba kwamba hata afungwe kitambaa machoni, wimbo mmoja tu ungemtosha kukwambia boksi linaingia madebe mangapi. Kwa hilo hakuwa mwongo.

Mteja aliitwa Nkwabi, mtunza stoo ya mawe ya duara lao. Duara ni shimo la dhahabu, na hili lilikuwa la wanahisa ishirini na wawili, Akida akiwa mmoja wao. Ili apate hisa aliuza cherehani ya mkewe, Mwahija, na mama wa watu akawa anashona kwa mkono tangu msimu wa pamba uliopita. Sasa, hatimaye, mwamba ulikuwa umetoa mawe yenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Mgao ulikuwa Jumapili. Mwahija alikwisha kufagia mahali pa kuweka cherehani mpya, pale karibu na dirisha.

Nkwabi yeye aliuza ng'ombe, akanunua Probox, na akataka boksi la madebe manne.

"Bhebhe, wewe fundi, mimi nina gari, sina baiskeli," alisema. "Nifanyie kubwa."

Akida alimweleza. Akamchorea chini kwa kijiti. Mwishowe akaiwasha sabufa ndani ya lile boksi kubwa ili mtu ajisikilizie mwenyewe, ikatoa sauti ya ngoma iliyonyeshewa, na mafundi wa jirani wakacheka hadi wakakaa chini. Nkwabi akacheka nao. Alilichukua boksi lake hivyo hivyo, akasema spika ataifunga mwenyewe nyumbani, akaomba na vipande vya mbao vilivyobaki na silikoni, ati ana banda la kuku la kuziba. Akida alimpa bure. Kwa siku mbili aliwachekesha watu kijiweni kwamba mwaka huu hata kuku wa Nkwabi watalala kitajiri.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya Akida kwenye kizuizi. Wanahisa walikuwa wamekubaliana kufunga kamba kwenye njia itokayo machimboni, kila gari lipekuliwe mpaka mgao upite, maana mawe mazuri huota miguu. Probox ikaja taratibu, nyuma imekaa chini kama mbuzi anayekojoa.

Mihayo, mlinzi aliyekuwa naye zamu, akauliza mbona gari limelemewa hivyo.

"Mbao nzito, sumaku nzito, na ujinga mzito," alisema Akida, akafurahia jibu lake mwenyewe.

Nkwabi akaeleza kwamba anakwenda Kahama kwenye harusi ya shemeji yake. Mihayo akapekua chini ya viti, akainua mazulia, akalipapasa hata tairi la akiba. Kisha akachukua bisibisi na kuielekeza kwenye skrubu za sabufa. Nkwabi akamtazama fundi tu.

Akida alimdaka Mihayo mkono. Alimweleza, kama alivyomweleza kila mtu, kwamba boksi la kuzibwa likichokonolewa na asiyejua hewa huvuja, na likivuja kesho watu watasema Akida hajui kazi. Mihayo akamkumbusha kuwa walikubaliana kupekua kila kitu.

"Hilo nimelitengeneza kwa mikono yangu, hata sisimizi hapiti," alisema Akida. "Utanifundisha boksi langu?"

Akamnyang'anya bisibisi, na kamba akaiteremsha mwenyewe.

"Ahsante, Baba Zakia," Nkwabi alimwambia fundi kwa adabu zote. "Nisalimie mama nyumbani."

Alipofika kwenye mkaratusi, hatua kama hamsini mbele, akafungulia muziki kwa kuaga. Besi ilitoka kavu, imebana, inapiga na kukata bila kuacha mkia. Mihayo akaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo. Akakiri kwamba fundi ni fundi, muziki umekaa barabara, na kwamba watu walimcheka Nkwabi bure.

Akida alikuwa ametega sikio, bisibisi mkononi, na tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka usoni. Boksi lile alilipima mwenyewe, kwa mahindi yake mwenyewe, likaingia madebe manne. Lakini sikio lake halikuwahi kumdanganya, na lililokuwa likipiga pale barabarani lilikuwa boksi la madebe mawili.

Madebe mawili mengine, yaliyozibwa kwa mbao na silikoni ya banda la kuku, yalikuwa yanakata kona ya Kahama, pamoja na cherehani ya Mwahija.