Mwaka wa Kuishi Tasnifu

Chuoni hakuna aliyetunukiwa uzamivu wa falsafa kabla ya kuiishi tasnifu yake mwaka mzima, bangili ya chuo ikimchunga mkononi. Tunu alikuwa ameandika kwamba umri peke yake haumpi mtu haki ya kuamkiwa. Basi kila asubuhi alipita kimya uani, mama yake akipepeta mchele. Miezi ya mwanzo mama aliitikia hivyo hivyo: "Marahaba, mwanangu." Halafu akaacha, na chai wakawa wanainywa kila mtu pembe yake.

Siku bangili ilipofunguka yenyewe, Tunu alikimbilia nyumbani, akapiga magoti mbele ya ungo.

"Shikamoo, mama."

Mama akageuka nyuma kutazama ni nani anayeamkiwa.