Kichupa cha Tatu

Barua ilifika Jumatatu. Ijumaa asubuhi ilikuwa imefungiwa akara, zile bajia za kunde.

Sista Abosede aliitambua mezani kwa Dakta Adegoke, imelowa mafuta, punje za pilipili zimeganda juu ya mwandiko. Kila juma kliniki hii ya uzazi humpa Iya Rasaki, muuza akara wa getini, makaratasi yasiyotakiwa, naye humletea dakta kifungua kinywa. Ibadan nzima hula hivyo. Lakini barua hii!

Aliinyooshea kidole.

"Dakta, hii ni ya namba kumi na saba, yule aliyetoa mbegu za kiume miaka kumi na minne iliyopita. Anasema ana ugonjwa wa moyo wa kurithi. Ndugu zake wawili walianguka wakikimbia, wakafa. Anaomba watoto wapimwe, na wasikimbie kwanza."

"Nimeisoma." Dakta alilamba vidole, kimoja kimoja. "Nikianza kuwapigia watu simu, nani atakuja tena hapa?"

"Watoto watakufa."

"Watoto wa watu, Sista. Wangu anakimbia leo saa nne, mita mia nane. Miguu ile ni ya Adegoke mtupu!" Akacheka, akara bado imo mdomoni.

Sista aligeuza uso asione.

"Nipe ufunguo wa kabati la majina. Nitapiga mimi."

"Hupewi."

"Basi kitendawili."

"Tega, bibi wee."

"Vichupa vitatu vya namba kumi na saba vilitoka kwenye friji. Daftarini akina mama waliopewa ni wawili. Cha tatu kiko wapi?"

"Mtunza maabara aliniambia kilivunjika. Hutaki? Haya, nakupa mji. Chukua Lagos, na foleni zake zote!"

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Mama Kolade, mkewe, kavaa kofia ya kijani ya timu ya mwanawe. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akitunza maabara hapo, mpaka alipopata mimba akaacha kazi.

"Baba Kolade, bado unakula tu? Twende, wanajipanga!"

Akachukua akara moja. Mafuta yakamchuruzika hadi kiwikoni. Akavuta ile karatasi ajifutie. Macho yakanasa kwenye mstari wa kwanza, yakashuka mpaka wa mwisho.

Akara ikamdondoka.

"Sista, hii ni namba ngapi? Mafuta yameifuta."

"Kumi na saba, mama."

Simu ilikuwa sikioni tayari. "Mwalimu! Mtoe Kolade uwanjani! Mtoe, nakuambia!"

Chumba kizima kilisikia filimbi ikilia ndani ya simu, kisha kelele za watoto wakishangilia.

"Wewe una wazimu?" Dakta alisimama, midomo inang'aa mafuta. "Kolade wangu anahusikaje na uchafu huo?"

Mama Kolade hakumtazama. Alimtazama Sista.

"Kichupa cha tatu hakikuvunjika," alisema.